Sahani Yangu Ilienda ku Nambari Kumi na Ine

Sahani yangu ya uchumba ilipokelewa na mwanamuke mwingine. Ndiyo, ulisikia muzuri. Sahani yenye ilipaswa kuingia mu nyumba ya mama yangu, na kitambaa yake ya mweupe na ushanga ndani, iliingia mu nyumba ya batu benye hata sikuwa nabayua. Balipiga vigelegele, na binti yao akasema anakubali. Na miye? Miye nilikuwa ku kambi, nimejifunga liputa ya mupya kiunoni, nangojea sawa mupumbafu.

Acha nieleze polepole, juu nikieleza mbio nitatukana mutu.

Jina yangu ni Plamedie. Nauzisha chisense, ile samaki ya kidogo-kidogo ya ziwa Mweru yenye banaanika ku mikeka, ku soko ya Kashikishi. Miaka saba sasa tulivuka tokea Pweto, ku Congo, na mama yangu, maman Angèle, na tunakaa ku kambi ya bakimbizi: Bloc tisa, nyuma ya pompi ya maji, nyumba yenye mulango ya bleu sawa mbingu. Ile rangi mama aliipaka ye mwenyewe, mwaka yenye tulimaliza kuezeka. Alisema mutu mwenye kupaka mulango yake rangi si mutu wa kupita. Hakuna mutu wa Bloc tisa mwenye hayui ile mulango.

Mwelwa njo mupenzi yangu. Ni Muzambia wa Kashikishi, mutoto wa bavuvi, lakini ye alikimbia nyavu akashika ordinatère, ile kompyuta. Kiswahili yake aliipatia mu mashua ya baba yake, kwa kubishana na Bakongomani juu ya samaki, njo maana hata akisema ananipenda, anasema sawa mutu mwenye kugombana. Anatumika ku boma ya Nchelenge, mu biro moja ndogo yenye ilifungua duka ya samaki ku internet. Mutu wa Mansa ao wa Lusaka anajaza fomu ku telefone, samaki inamufikia ku mulango. Miaka mbili tunapendana. Akiniangalia, nasahau kama mikono yangu inanuka chisense. Vraiment, nasahau.

Sasa, kwa Babemba, mwanaume haendi mwenyewe kuomba bibi. Banatuma mutu mukubwa, banamuita shibukombe. Ye njo analeta sahani yenye kufunikwa na sahani ingine, banaiita nsalamu. Nyumba ya binti ikiipokea na binti akikubali, uchumba umeshika. Mwelwa alimutuma mujomba yake, papa Royd, tokea Mansa. Jumamosi, saa ine ya asubuhi.

Mama aliazima biti sita ya kukalia ku kanisa. Alipika kuku. Kaka yake mukubwa, tonton Gauthier, alivaa koti yake ya ndoa, yenye haifunge tena. Tonton hakukuwa anamutaka Mwelwa, hata siku moja.

"Bazambia habatakuya," alisema, akipangusa kiti. "Kwao weye ni mutu wa kupita."

"Batakuya, tonton."

"Bon. Tutaona."

Saa ine ikapita. Saa sita ikapita. Kuku ikapoa. Majirani benye balikuya kushangilia balianza kuenda mumoja-mumoja, na kila mumoja alinigusa bega akisema "pole, dada," sawa kwetu kulikuwa matanga. Nilipiga telefone ya Mwelwa mpaka kidole ikaniuma. Ijumaa alipanda mashua kuenda ku kisanga ya Kilwa, katikati ya ziwa, kuandikisha bavuvi, na kule hakuna rezo ya telefone. Kwa jua kali ya saa tisa, tonton alivua koti.

"Nakuachia siku nane," alisema. "Kama Jumapili ingine hakuna mutu mwenye alikuya, tunakusanya bintu, tunavuka. Ku Pweto iko batu benye kuyua kwenu ni wapi."

Mama alikuwa anarudisha kuku mu nyungu, na hakuniangalia.

Jumatatu niko ku soko, natandika mikeka, nikasikia vigelegele. Banamuke ba upande ya mafuta balikuwa banarukaruka.

"Kuko nini?" nikauliza.

"Febby amepata sahani! Jumamosi! Mujomba alitoka Mansa mwenyewe."

"Sahani ya nani?"

"Ya Mwelwa! Ule wa ordinatère!"

Siyui nilijibu nini. Nayua tu niliacha samaki yangu palepale ku mikeka, na nikashika njia ya boma na miguu. Batu balinisalimia mu njia, sikuitika hata mumoja. Banisamehe.

Nilisukuma mulango ya biro bila kubisha. Mwelwa alikuwa ku meza yake, shati bado inanuka ziwa. Aliponiona akacheka na uso muzima, akasimama.

"Plamedie wangu! Nimefika sasa hivi, batri ilikufa. Balikuya? Mama alisema nini?"

Ananiuliza miye. Mungu wangu, ananiuliza miye!

"Mama alisema kuku imepoa," nikamujibu. "Hongera, Mwelwa. Nasikia umepata bibi."

"Iyo, bado. Lakini karibu." Alikuwa bado anacheka.

"Anaitwa Febby."

Kile kicheko ikakauka palepale. "Febby gani?"

"Uniulize miye? Sahani yako iko kwake tangu Jumamosi! Enda ku soko ujisikilizie vigelegele!"

Ku meza ya pili, bwana Davies, mukubwa wa biro, alishusha kikombe. "Dada, hapa ni fasi ya kazi."

"Miye pia nilikuwa na kazi, papa. Niliiacha ku mikeka, na kunguru banaikula sasa hivi."

Akarudisha kikombe ku mudomo.

Mwelwa alishika telefone. Akanionyesha mesaji yenye alimutumia mujomba yake Ijumaa, mbele ya kupanda mashua.

"Uone. Nilimutumia adresi yako. Niliitoa mu fomu yetu, na ramani yake, ili asipotee."

"Soma."

"Nambari kumi na ine, njia ya..."

"Endelea. Kwa sauti, bwana Davies pia asikie."

"Njia ya Kiliniki. Kashikishi."

"Miye nakaa Kashikishi, Mwelwa?"

"Hapana."

"Nakaa wapi?"

"Bloc tisa."

"Nyuma ya nini?"

"Nyuma ya pompi." Sauti yake ilikuwa inashuka. "Mulango ya bleu."

Alikuwa anaiyua yote! Njo kitu ilinichoma zaidi. Kama alikuwa hayui, ningemuhurumia.

"Basi nani alinihamisha?"

Aligeuza ordinatère yake upande yangu, akavuta kiti. "Ikala," akasema. "Andika weye mwenyewe."

Ile fomu nilikuwa naiyua kwa kusikia tu. Miezi mbili yenye ilipita, Mwelwa alinisumbua siku tatu muzima na habari yake. Zamani mutu alikuwa anaandika adresi yake vile anataka, na makosa yake, na gari ya samaki inazunguka mpaka jioni. Sasa unaandika herufi tatu tu, orodha ya fasi inashuka yenyewe chini ya kidole yako, unachagua yako, imeisha. Mwelwa njo alitengeneza ile kitu. Alijivunia sawa alizaa. Na siku ya kuijaribu, aliandika jina yangu, ili jina ya kwanza kabisa mu fomu ikuwe ya mupenzi yake. Alinitumia picha ya jina. Nililia kwa furaha, mbele ya mikeka, batu banapita. Ile picha alikuwa aliikata chini ya jina, adresi haikuonekana. Sikuuliza juu ya nini.

Nikaandika: Bloc. Orodha ikashuka. Ilinipa duka ya bloki za simenti ku Mansa, na nyumba moja ya biro ku Lusaka. Nikaongeza: tisa, nyuma ya pompi. Orodha ikabaki tupu. Nikabonyeza Tuma. Kisanduku ikakuwa rangi nyekundu, na maneno chini yake: Adresi hii haipo. Chagua katika orodha.

Haipo.

Nilisoma ile neno mara tatu. Nyumba yenye mama alibebea matofali ku kichwa, haipo. Mulango yenye alipaka rangi, haipo. Basi miaka saba yote tulilala wapi, mu hewa?

"Na weye ulipoona hii nyekundu," nikasema polepole, "ulifanya nini?"

"Bwana Davies alikuwa amesimama nyuma yangu. Alitaka kuona inatumika. Nikaandika Kashikishi, nikachagua ya kwanza yenye ilishuka, ili ikubali. Nilisema kesho nitatengeneza. Kisha nikasahau."

"Ulisahau."

"Kwa Mungu, Plamedie, nilisahau. Ijumaa mashua ilikuwa inaniita, nikabonyeza tu, ikaenda. Sikuisoma."

"Rangi ya mulango unaikumbuka, lakini kama uliitupa unasahau!"

Alishika kichwa na mikono mbili. Nilitaka kumugusa nywele, na ile kutaka ilinikasirisha tena. Halafu wazo ingine ikanipiga.

"Ngoja. Mujomba yako alifika mu nyumba ya Bazambia. Anasikia Kibemba tu. Hakushangaa? Hakuuliza, Bakongomani beko wapi?"

"Shibukombe hatayi jina ya binti. Ni desturi. Anasema tu, tuliona kitu muzuri inaota mu kiwanja yenu. Banaelewa."

"Sikukuuliza desturi. Nilikuuliza, hakushangaa?"

Akaanza kupanga karatasi ya meza yake, na macho yake haikunifikia.

"Haukumuambia," nikasema.

"Plamedie..."

"Haukumuambia kama miye ni Mukongomani."

"Nilimuogopa mama yangu." Sasa macho yake ilikuwa na maji. "Ye na tonton yako ni bamoja, hawataki. Nilisema acha kwanza sahani ipokelewe. Kisha bataona vile uko, batakuzoea."

"Batanizoea? Miye ni malaria?" Nilisimama mpaka kiti ikaanguka. "Masini yako ilinikataa mara moja, Mwelwa. Weye mara mbili! Masini haina moyo, nitaisamehe. Lakini weye ulikula ku ile nyumba. Mama yangu alikupatia kiti yake. Unaingia pa mulango ya bleu, unakula bukari yetu, unanipenda, na ukitoka inje tunakuwa batu benye hawapo?"

"Nakupenda."

"Nayua! Njo maana naumia. Kama haukunipenda, ningekuwa ku soko nafukuza kunguru."

"Odini," mutu akasema pa mulango.

Alikuwa mwanamuke wa urefu, na kitambaa ya kwaya ku kichwa, na mikononi alishika sahani mbili zenye kufunikana, na kitambaa ya mweupe juu. Hakuna mutu alihitaji kuniambia ni nani. Batu ba soko balimuambia vile niliondoka, na ye alinifuata.

"Weye njo Plamedie?" akaniuliza.

"Njo miye."

Febby akamugeukia Mwelwa, akamusemesha na heshima ya Kibemba. "Ba Mwelwa, mukwai, tunaimba pamoja miaka tatu. Mujomba aliposema anatoka kwa Mwelwa wa ordinatère, nilikubali mbele mama yangu hajamaliza kuniuliza. Mbele ya shangazi zangu bote. Sasa banamuke ba soko bananiambia nilipokea kitu ya mwenyewe. Uniambie mu macho. Hii sahani ilikuwa yangu?"

"Hapana, Febby. Unisamehe. Ilikuwa kosa."

"Ya mujomba?"

"Yangu. Yangu peke yangu."

Febby aliweka sahani juu ya klavye ya ordinatère, palepale penye vidole yangu ilikuwa inaandika. "Mama yangu alishaita mupaka bamama ba kanisa," akasema. "Utakuya weye mwenyewe kubaeleza. Lelo. Sitabeba hii aibu kwa ajili yako." Akaniangalia. "Dada, na weye usimusamehe mbio."

Akaenda. Nilitaka kumuchukia ule mwanamuke, franchement, na sikuona fasi ya kuanzia.

Mwelwa alichukua telefone. "Nampigia mujomba sasa hivi. Atakuya lelo na sahani ya mupya."

"Weka chini." Nikamuonyesha kile kisanduku ya nyekundu. "Kwanza hii."

"Hii itangoja."

"Haitangoja! Ku kambi tuko batu mingi, Mwelwa. Kila mama mwenye atataka kujiandikisha, utamuambia nyumba yake haipo? Ao utamuchagulia ya Febby?"

Bwana Davies akakohoa. "Dada, ile orodha iko na maana yake. Tukiiacha wazi, batu bataandika ovyo ovyo. Gari itapotea."

"Shibukombe alipotea na orodha, bwana," Mwelwa akasema. Hakupandisha sauti. Alisogeza sahani polepole pembeni, akavuta klavye. "Kama utanifukuza, unifukuze kesho. Lelo naimaliza hii."

Bwana Davies hakumufukuza. Alienda kujaza kikombe yake.

Nilisimama nyuma ya Mwelwa karibu saa nzima, nanyamaza, na kunyamaza si desturi yangu. Alitoa ile sheria ya nyekundu. Orodha aliiacha, juu inasaidia benye kukaa Mansa, lakini chini yake aliongeza mustari mumoja: Fasi yangu haimo mu orodha, naandika mwenyewe. Kisha akaniachia kiti.

Niliandika yote. Bloc tisa, nyuma ya pompi, mulango ya bleu, kwa maman Angèle. Tuma. Safari hii ikajibu: Tumepokea.

Mwelwa aliniangalia na ile macho yake. Aliangalia sawa mutu mwenye kuomba maji. Kidogo nimusamehe.

"Bado," nikasema, nikikaza liputa. "Mujomba yako akuye Jumamosi. Bila telefone. Aulize njia na mudomo, tokea lango ya kambi mpaka kwetu, na kila fasi anauliza, aseme anatafuta nani. Na mama yako ayue mbele ya Jumamosi, tokea mudomo yako weye. Ikikosa, Jumapili tonton ananivukisha ziwa, na miye sitakataa tena."

"Shibukombe hatayi jina, Plamedie."

"Desturi yenu ilinipeleka nambari kumi na ine."

Ile juma yote sikujibu telefone yake. Siku ya ine aliandika mesaji moja tu: "Mama ameyua. Analia. Sikurudisha neno nyuma." Niliisoma karibu mara makumi mbili. Mama yangu alienda tena kuazima biti ku kanisa, na haya ilimukamata, juu balimuuliza kama safari hii ni ya kweli. Kuku ingine hakupika.

Jumamosi, saa ine, tonton Gauthier alikuwa ameshafunga mizigo mbili na kamba. Alizipanga pa mulango ili kila mutu azione. Saa ine na nusu. Saa tano. Miye nilikuwa ndani, nimekalia kitanda, nahesabu pumzi.

Halafu nikasikia batu. Si mumoja, si babili. Banamuke ba pompi, batoto, mupaka mushona-viatu wa Bloc sita, bote banafuata papa Royd, mwenye alikuwa anatoka jasho chini ya kofia yake, sahani mikononi. Aliuliza njia ku fasi kumi na moja, na bale bote balitaka kuona mwisho yake.

"Odi!"

Mama akasimama pa mulango, na ile Kibemba yenye miaka saba ilimufundisha. "Munatafuta nani, papa?"

Papa Royd akapangusa uso. "Mama, tulipita hapa, tukaona kitu muzuri inaota mu kiwanja yenu..."

"Mu kiwanja yangu inaota mihogo," mama akasema. "Munatafuta nani?"

Batu bakacheka. Papa Royd akageuka nyuma. Miye pia nikachungulia. Ku pompi alisimama Mwelwa, fasi yenye mwanaume hapaswe kusimama siku kama ile. Na kando yake mama yake, chitenge yake imefungwa vizuri, uso imekunjamana sawa mutu mwenye kunywa dawa. Lakini alikuya. Na miguu yake alikuya.

Papa Royd akavuta pumzi. "Natafuta Plamedie," akasema kwa nguvu. "Binti ya maman Angèle. Mukongomani wa Pweto. Bloc tisa, nyuma ya pompi, mulango ya bleu. Mutoto wetu Mwelwa anataka kumuoa."

Tonton Gauthier akaachilia kamba ya muzigo. Mama alinyoosha mikono kwa sahani, kisha akangoja, akaniangalia miye.

Hasira yangu ilikuwa bado haiyaisha. Hata sasa haiyaisha. Nilitoka inje, nikapita papa Royd, nikapita bale batu bote, mpaka ku pompi. Mwelwa nilimuacha kwanza. Nilisimama mbele ya mama yake, nikapiga magoti vile Babemba banasalimia bakubwa, nikapiga makofi polepole.

"Mama," nikasema, "mulisikia muzuri? Ao ye aseme tena?"

Aliniangalia murefu. Aliangalia nyumba yetu nyuma yangu. Siyui alikuwa anatafuta nini pale.

"Nilisikia," akasema. "Bloc tisa. Mulango ya bleu."

Nyuma yangu, maman Angèle akapokea sahani.